Miaka Yangu ya Kucheza Briji na Mama Mkwe

Mwalimu wenu wa Jumamosi, ambaye nyumbani ni mke wangu, ameniambia niwaandikie habari za briji ya zamani hapa kwetu. Nilimwambia aandike mwenyewe kwa kuwa yeye ndiye anayejua zaidi. Akasema yeye ana wanafunzi, mimi nina pensheni na kiti barazani. Kwa hiyo naandika. Nimesoma hadi darasa la saba, na bandarini kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia yanayopanda na kushuka melini, siyo kutunga habari. Mkikuta mahali nimekosea, mwulizeni yeye. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyofanya.

Nyinyi mchezo mnaujua, lakini huenda karatasi hii ikasomwa na ndugu zenu wanaodhani mnakwenda kucheza kamari. Wacheza ni wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzi wako anakaa mkabala nawe. Kila mtu ana karata kumi na tatu. Kwanza kuna mnada: kila mmoja kwa zamu anataja mikono mingapi anaahidi kula yeye na mwenzi wake, na kwa turufu gani, au bila turufu. Mkono ni karata nne za mzunguko mmoja, na sita za mwanzo hazitajwi: ukisema moja, umeahidi saba. Aliyetaja kubwa zaidi ndiye anayecheza ahadi hiyo, mwenzi wake anazilaza karata zake wazi mezani, na wale wengine wawili wanajitahidi kumwangusha. Huyo aliyelaza karata tulikuwa tukimwita marehemu. Zamu ya mama mkwe wangu ilipofika ilionekana si heshima, tukajaribu kusema “aliyepumzika”, ikaonekana ni vibaya zaidi. Tukarudi kwenye marehemu, yeye mwenyewe hakuwa na shida.

Viti vilikuwa na majina. Vitabuni ni kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Sisi tulisema Kagunga, Mwandiga, Kasanga na Kongo, kwa majina ya mahali palipo pande hizo. Mtu akikwambia “kaa Kongo” unajua ukae upande wa ziwani.

Aliyetuwekea utaratibu ni Mzee Ramazani, fundi cherehani wa Ujiji, ambaye babu zake walivuka kutoka ng'ambo na ambaye chumba cha nyuma ya duka lake ndicho kilichokuwa ukumbi wetu. Alishona mifuko kwa vipande vya vitenge vilivyobaki, kila mfuko una vijimfuko vinne. Mkimaliza kucheza, karata hazichanganywi. Kila mtu anarudisha zake kwenye kijimfuko cha kiti chake, na mfuko mzima unapelekwa meza nyingine, wakacheze wao karata zile zile. Mwisho tunalinganisha. Sasa huwezi kusema leo karata zilikuwa mbaya, maana mbaya hizo hizo alizishika mwenzako meza ya pili na akapata mikono kumi. Mifuko ile iliwaharibia watu wengi visingizio, na wawili watatu hawakurudi.

Mama mkwe wangu alikuwa nesi. Enzi za kazi yake kulikuwa na daktari aliyekosa mtu wa nne mezani, akamfundisha yeye. Alipostaafu akarudi Mwandiga, akawa anakuja Ujiji kila Jumamosi kucheza na nesi mwenzake, mpaka yule nesi akahamia Kasulu kwa mwanawe. Mama akabaki hana mwenzi. Siku moja mke wangu akaniambia, “Mama anasema wewe umezoea kuhesabu magunia, utaweza kuhesabu karata.”

Nilisema siwezi. Mke wangu akapeleka jibu, akarudi. “Mama anasema hakuuliza.”

Hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wengine hamkulikuta. Nyumba nyingi za siku hizi mkwe na mama mkwe wanakula meza moja na kupiga picha pamoja, na mimi sioni ubaya. Kwetu haikuwa hivyo. Mimi na mama hatukutazamana usoni. Nilimpa shikamoo huku nikiangalia pembeni, naye akaipokea huku akiangalia upande wake. Neno lolote zaidi ya hapo lilipita kwa mke wangu. Mezani alitaja mnada wake, lakini hayo alikuwa akiiambia meza, siyo mimi. Kwa hiyo nilikaa mkabala na mtu huyu kila Jumamosi, miaka kadhaa, na kama mngeniuliza ana kovu usoni au hana, nisingejua.

Mtasema watu hao wanachezaje pamoja. Ndiyo kwanza tulicheza vizuri, na sidhani ilikuwa akili yangu. Briji inataka mwenzi wako akueleze karata zake kwa mnada na kwa karata anazotoa, basi. Siyo kwa nyusi, siyo kwa kikohozi, siyo kwa kuhema. Watu wanahangaika maisha yao yote kujizuia kusoma uso wa mwenzi. Mimi uso wenyewe nilikatazwa.

Ugumu wangu ulikuwa baada ya mchezo. Tukifika nyumbani kwetu Katubuka, ambako mama alikuwa akipitia kabla ya kurudi Mwandiga, yeye anakaa jikoni, mimi sebuleni, mke wangu mlangoni katikati.

“Mama anauliza, ulikuwa na malkia wa shupaza?”

“Mwambie nilikuwa naye.”

“Alikuwa naye, mama.” Akategea sikio jikoni. “Anasema, kama ulikuwa naye, ulikuwa unamtunzia nani?”

“Mwambie nilidhani mfalme yuko kwa wapinzani.”

“Anasema mfalme alishachezwa mzunguko wa pili, na aliyemcheza ni yeye.”

Nikanyamaza.

“Nimwambie nini?”

“Mwambie nimenyamaza.”

“Amenyamaza, mama.”

Mke wangu alikuwa hajui kopa wala pau. Alisema yeye si posta, ana mboga motoni, lakini alibeba. Kila Jumamosi alibeba.

Na malkia yule wa shupaza alinifundisha kuliko kitabu. Hesabuni. Kila rangi, iwe kopa, pau, uru au shupaza, ina karata kumi na tatu. Zikichezwa nne, zimebaki tisa, na tisa hizo ziko mahali. Mimi nilihesabu kama magunia: zilizopita mbele yangu, zilizobaki stoo, zilizobaki melini. Siku hizi mnahesabiwa na simu, halafu mnakuja mezani bila simu mnashangaa. Sisemi simu ni mbaya. Nasema haikai kiti cha Kasanga.

Pia nyinyi mnanadi kwa vikadi vilivyoandikwa, hakuna sauti. Hamjui mlivyopona. Tulikuwa na mvuvi mmoja wa Kagunga, mtu mwema kabisa, ambaye akiwa na karata nzuri alisema “MOJA KOPA” mpaka kuku wa Mzee Ramazani wanaruka, na akiwa na mbovu alisema “moja kopa” kama mgonjwa anayeomba maji. Mwenzi wake alijua kila kitu. Tulimwonya. Akasema, “Sasa nifanyeje, ndiyo sauti yangu ya furaha.” Haki yake niiseme: hakukusudia. Akaanza kunong'ona zote, nzuri na mbovu, na hapo tena hakuna aliyemsikia hata mwenzi wake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Alihamia mjini bwana mmoja akiitwa Feruzi, wakala wa mizigo, kutoka Tanga. Alikuwa mchezaji mzuri, na nasema hivi bila mtu kunilazimisha. Alicheza haraka, alikumbuka kila karata, na alikuwa mcheshi. Kosa lake ni kwamba hakuuliza mtu sisi ni nani. Alituona mzee kidogo na mama mtu mzima wanashinda, basi. Jumamosi moja, baada ya sisi kumwangusha mara mbili mfululizo, akasimama na kumgeukia Mzee Ramazani.

“Mwenyekiti, nina neno. Hapa kila mtu anamtazama mwenzi wake. Mimi namtazama wangu, wewe unamtazama wako. Hawa wawili tangu nije Kigoma sijawaona wakitazamana hata mara moja. Mtu hafichi macho bure. Hawa wana jambo lao.”

Mnajua maneno hayo yanasemwa kuhusu watu gani, kama si wezi wa karata basi wapenzi wa siri. Yalisemwa kuhusu mimi na mama yake mke wangu, mbele ya meza nne zilizojaa.

Mtu mmoja akacheka, halafu akaona anacheka peke yake. Mama aliweka karata zake kifudifudi, akazipanga pembe zikae sawa, akazirudisha kwenye kijimfuko cha Kagunga, akajifunika kanga, akatoka. Hakuaga. Na huyu ni mtu ambaye alikuwa akiaga hata nyumba yenye watoto peke yao.

Siku hizo alikuwa akikaa kwetu, kwa sababu mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa tatu na hakuwa na nguvu. Nilipofika nyumbani nilikuta ameshafunga kifurushi chake na kuondoka kwenda Mwandiga. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani na mtoto.

“Umemfanya nini mama yangu?”

“Sijamtazama.”

“Ndilo kosa?”

“Ndilo kosa.”

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mama ameniambia hawezi kulala chini ya bati la mtu anayesemwa naye. Hatakanyaga hapa, hata nikizaa mtoto wa kumi. Sasa wewe na karata zako mtanirudishia mama yangu.”

Huko ukumbini Mzee Ramazani alikuwa ameshamkalisha Feruzi.

“Wee bwana, yule ni mama mkwe wake.”

“Mama mkwe?” Feruzi akashika kichwa. “Mbona hamkuniambia? Mimi wangu ananitazama toka mlangoni, anauliza nimekuja na nini!”

“Wako ni wako. Hawa ndivyo walivyo.”

Feruzi alikuwa tayari kufuta maneno yake pale pale, mbele ya watu wote. Mke wangu akambeba mtoto, akaenda Mwandiga kupeleka habari hiyo, akarudi na jibu.

“Mama anasema hapana. Akifuta kwa mdomo, watu watasema amefuta kwa huruma. Yafutwe kwa karata. Anataka Mzee Ramazani atundike pazia katikati ya meza zote, mtu asimwone mwenzi wake, na watu wacheze. Nyinyi kawaida yenu ni wa kwanza au wa pili. Mkishuka chini ya hapo, basi macho yenu yalikuwa na jambo, na yeye karata basi, na hapa kwetu basi.”

“Mwambie nimekubali.”

“Nilishamwambia.”

Wiki ile sikuwa na raha. Siyo kwamba nilijua tunaiba. Ni kwamba mtu akikutuhumu vizuri unaanza kujikagua. Nilijiuliza, je, kuna kitu ninachokisikia? Bangili? Kiti? Nikamuuliza mke wangu kama anadhani mimi ni mwizi wa karata. Akasema, “Wewe? Wewe ulikuwa unahesabu mara mbili gunia lililochanika ili lisionewe.” Ikanituliza kidogo, ingawa nilikumbuka kwamba zamani mara mbili hizo zilinipa hesabu tofauti.

Jumamosi ikafika. Nimetazama daftari langu la siku hiyo, nimekuta nimeandika “manyunyu, upepo wa ziwani”, kwa hiyo yanayofuata ni ya kichwani. Mzee Ramazani alikuwa ametundika vitenge kona kwa kona juu ya kila meza. Chetu kilikuwa cha picha za jogoo. Chini kiliachwa uwazi wa kupitisha karata, kama dirisha la tiketi. Mama alikuja kutoka Mwandiga, akaketi Kagunga, upande wa pili wa jogoo. Mimi nikaketi Kasanga. Mke wangu alikaa kwenye benchi la ukutani na mtoto, kwa sababu alisema habari hii safari hii ataibeba akiwa ameiona.

Nilianza vibaya sana. Miaka yote shingo yangu ilikuwa imeinama mezani, na sasa mbele yangu kulikuwa na kitenge tu. Naweza kuinua kichwa! Nikainua. Nikaona paa, nikaona saa ya ukutani ambayo sikuwahi kujua ipo, nikaona nyuso za watu wakifikiri, na uso wa mtu anayefikiri ni kitu cha ajabu kukitazama. Nilikuwa kama mbuzi aliyekata kamba. Nilisahau kuhesabu uru. Nilitupa jeki mahali pa kutupa mbili. Kutoka upande wa pili wa jogoo sikusikia kitu, hata kuhema, na nikajua kwamba sijawahi kusikia kitu toka huko. Basi angalau hilo likanipa amani. Nikainamisha kichwa mwenyewe, bila kukatazwa na mtu, nikaanza kuhesabu.

Mfuko wa mwisho tukakutana na Feruzi. Yeye aliketi kiti cha Mwandiga, kuliani kwangu, upande wangu wa pazia. Alikuwa mnyenyekevu mno siku hiyo, alinisalimia mara mbili. Katika mnada mama alitaja “mbili uru”, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaja bei ya nyanya, na baada ya hapo akapita. Feruzi na mwenzi wake wakafika tatu bila turufu. Yaani Feruzi ameahidi mikono tisa, na mimi ndiye wa kutoa karata ya kwanza.

Nikatazama nilichonacho. Nina pau tano, zinaongozwa na mfalme na malkia, zimependeza kama harusi. Nina ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote za kopa. Uru nina mbili tu, nane na tano, za kutia aibu.

Karata nzuri zikikaa mkononi zinakusemesha. Pau zilinisemesha sana. Zilisema, tuanze sisi, uru utapata wapi wewe na nane yako? Nilifikiri muda mrefu mpaka Feruzi akasema, “Mzee, kwema huko?” Nikajiuliza mama alikuwa na maana gani. Alitaja kwa nguvu au alitaja kwa kujaribu? Na hapo nikaona ujinga wangu. Mama hakuwa na kutaja kwa kujaribu. Malkia yule wa shupaza, na mengine mia ya mlangoni pale jikoni, yote yalikuwa na neno moja: nikisema nina kitu, ninacho.

Nikatoa nane ya uru.

Mama akaweka jeki. Feruzi akakohoa, akachukua kwa mfalme wake, maana ilibidi. Akaenda kutafuta mikono yake kwenye kopa, na ree ya kopa alikuwa nayo nani? Nikachukua, nikarudisha uru yangu ya tano. Halafu sikuwa na kazi tena. Kutoka chini ya jogoo mkono wa mama ulitoa uru moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayepanga sahani kabatini, na zote tano zikala. Feruzi aliahidi mikono tisa, akapata saba.

Ndipo pazia likasema:

“Baba Neema.”

Neema ni binti yetu wa kwanza. Sikuwahi kuitwa hivyo na sauti ile, wala jina lingine lolote. Nikaangalia jogoo.

“Ndiyo, mama.”

“Nilisema uru. Ulikuwa unasubiri barua?”

“Nilikuwa nafikiri, mama.”

“Fikiri nyumbani.”

“Ndiyo, mama.”

Mke wangu akaruka kutoka kwenye benchi, mtoto akaanza kulia. “Wanaongea! Mzee Ramazani, wanaongea!”

“Nasikia,” Mzee Ramazani akasema. “Hawaonani, hakuna sheria iliyovunjwa. Keti tuhesabu.”

Tulikuwa wa pili. Nataka kuwa mkweli, kwa mwanzo wangu ule hatukustahili zaidi. Mfuko ule wa mwisho ndio uliotuvusha. Wawili walioshika karata zangu meza nyingine walianza na pau nzuri, na Feruzi wa huko, yaani aliyeketi kiti chake, akapata tisa zake. Wa kwanza alikuwa mvuvi wa Kagunga, ambaye hakuona mtu yeyote wa kumwogopesha na akanadi kwa sauti ya wastani siku nzima.

Mama alirudi Katubuka na kifurushi chake jioni ile ile. Siku ya pili Feruzi akaja na samaki wa ziwani, migebuka mitatu mikubwa, kuomba radhi. Kwa kuogopa kukosea tena alisimama mlangoni akiuangalia ukuta, akaupa ukuta shikamoo.

“Wewe si mkwe wangu,” mama akamwambia. “Geuka, unanitia kizunguzungu.”

Tulicheza miaka mingine mingi, na Feruzi tukamwangusha naye akatuangusha, sawa kwa sawa. Kile kitenge cha jogoo mama alikiomba kwa Mzee Ramazani, akakitundika kwenye mlango wa jikoni kwetu. Toka siku hiyo, baada ya mchezo, aliketi upande wake nami upande wangu, na tukazungumza karata moja kwa moja, bila mtu wa kutubebea. Mke wangu alisema amestaafu kabla yangu.

Jumapili moja tulikuwa tunabishana kwa heshima.

“Baba Neema, ile pau ya tatu ndiyo iliyotuua.”

“Pau nilidhani ni salama, mama. Labda kopa ndiyo ingekuwa mapema.”

“Kopa haikuwa na njia.”

“Labda, mama.”

Mke wangu alikuwa sakafuni akichambua mchele, hakuinua kichwa.

“Pau ilikuwa sawa,” akasema. “Na kopa ilikuwa sawa. Mama ndiye aliyekula shupaza kwa mfalme wakati ree ilishapita, akabaki hana pa kurudi.”

Nilimsikia mama akihesabu kwa sauti ndogo, shupaza moja moja, mpaka kumi na tatu.

“Baba Neema,” akasema mwisho, “Jumamosi ijayo wewe ubaki na mtoto.”